Saa nane ya nani? Kwa mnaoanza kazi kwenye dirisha la dawa, Lamu

Mwaka wangu wa kwanza dirishani, bibi mmoja wa Langoni alikuja na karatasi ya daktari: kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Nilimwandikia juu ya bahasha "8 – 8", nikamweleza mawili matatu upesi kwa sababu foleni ilikuwa imefika mlangoni, naye akaitikia, "Naam, mwanangu, nimefahamu." Wiki tatu baadaye alirudi na dawa nusu imesalia, na uso wa mtu asiyelala. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ile ya mchana haina taabu, ila ya saa nane ya usiku imemshinda. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea bahasha. Aliona nane, akamwambia nane, na saa nane ya usiku kwetu watu wamelala fofofo. Siku kumi bibi yule aliamka usiku wa manane ameze dawa yangu, kisha akachoka akaacha ya usiku, kisha akaziacha zote.

Mjukuu hakukosea. Mimi ndiye niliyeandika saa ya Kizungu kwenye bahasha ya mtu anayeishi kwa saa ya Kiswahili. Dawa ilikuwa sahihi, kipimo sahihi, na hata mwanya wa saa 12 bibi aliushika barabara. Lakini sikuwa nimemuuliza siku yake inakwendaje.

Miaka 19 imepita. Ninyi mnaopangiwa Lamu sasa, wengine kutoka bara, wengine wenyeji mliokwenda kusoma Nairobi na Mombasa mkarudi, mnakuja mkizijua dawa kuliko nilivyozijua mimi wakati ule. Sitawafundisha dawa. Nataka tuzungumze namna ya kuipachika dawa ndani ya siku ya mtu, kwa kuwa hapo ndipo nyingi zinapopotelea. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao ipasavyo ni kama asilimia 50 tu, na katika nchi maskini ni wachache zaidi. Tazama foleni yako ya asubuhi ukiwa na hesabu hiyo kichwani.

Anza na saa. Usiandike tarakimu peke yake. Andika kwa maneno, "saa mbili asubuhi", "saa mbili usiku", na umtajie kwa mdomo huku kidole kikiwa juu ya neno. Zile herufi za daktari, OD, BD, TDS (mara moja, mara mbili, mara tatu kwa siku), ziishie kwako, zisivuke dirisha. Hata "1 x 3", ambayo tumeizoea mno, ina hatari yake. Nimekutana na watu watatu, mmoja wao mwalimu, walioisoma kama hesabu ya darasani: moja mara tatu ni tatu. Wakameza vitatu kwa mpigo asubuhi wakajua wamemaliza ya siku.

Neno "kutwa" nalo liangalie. Tunasema "kutwa mara tatu" bila kufikiri. Kwa anayekijua Kiswahili chake, kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Mzee wa hapa ukimwambia kutwa mara tatu atazipanga zote tatu kabla ya Magharibi, na usiku mzima mwili ukae mtupu. Kwa dawa ya kutuliza kichwa si kitu. Kwa antibayotiki inayotakiwa kila baada ya saa nane, ni kitu kikubwa.

Na siku yenyewe inaanza lini? Kwenye simu yako ni saa sita ya usiku. Kwa wazee wetu siku huingia jua linapotua, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao wewe waita Alhamisi usiku. Mara nyingi tofauti hiyo haidhuru. Lakini kuna dawa kama methotreksate ya ugonjwa wa viungo, inayomezwa mara moja tu kwa wiki, na ikimezwa kila siku inaweza kuua. Hapo natumia mchana, sitaji usiku kabisa: "Ijumaa, ukishatoka msikitini kwa sala ya Ijumaa," au kwa mwanamke, "Ijumaa, ukishapakua chakula cha mchana." Naandika IJUMAA kwa herufi kubwa, na namwambia waziwazi kwamba siku sita zilizobaki asiiguse.

Saa bora kuliko zote katika mji huu ni adhana. Lamu iko kama digrii 2 tu kusini ya Ikweta, kwa hiyo nyakati za sala hazihami sana; Magharibi husogea kama nusu saa hivi tu kwa mwaka mzima. Kutoka Alfajiri mpaka Magharibi ni kama saa 13. Dawa ya mara mbili kwa siku inakaa hapo vizuri kabisa: "Ukishasali Alfajiri, na ukishasali Magharibi." Ya mara tatu: Alfajiri, baada ya Adhuhuri, na ya mwisho wakati wa kulala, kama saa tatu au saa nne ya usiku. Usiiweke ya tatu Magharibi, itakuwa imeifuata mno ya mchana. Mtu hahitaji saa ya mkononi wala mjukuu wa kumsomea. Mji wenyewe unamkumbusha.

Ila usimkadirie mtu kwa kofia yake au kwa buibui. Si kila aliye mbele yako anaishi kwa adhana. Mkulima wa Mpeketoni ana saa zake, mwalimu wa shule ya bweni ana kengele zake, mlinzi wa usiku hulala watu wakiamka. Kwa hiyo kabla sijaandika chochote huuliza: "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, siku yako ilikwendaje?" Jibu huchukua dakika moja. Katika dakika hiyo utasikia anakula saa ngapi, anatoka saa ngapi, nani anakaa naye nyumbani, na mara nyingi utasikia pia kwa nini ile dawa ya mwezi uliopita haikumezwa.

Ukishaeleza, usiulize "umeelewa?" Hilo ni swali lisilo na maana hapa kwetu. Mtu aliyelelewa kwa adabu hatakuambia usoni kwamba hakuelewa. Atasema naam, atakuombea dua, ataondoka. Kumwambia aliyesoma kwamba maneno yake hayakufahamika ni kama kumvunjia heshima. Kwa hiyo jibebeshe mzigo wewe. Mimi husema hivi: "Bibi, nataka nijue kama mimi nimeeleza sawa. Ukifika nyumbani bintiyo akikuuliza dawa hizi ni za nini na zanywewaje, utamjibuje?" Akisema vingine, hajakosea yeye, nimekosea mimi, na narudia kwa maneno mengine. Sirudii maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi.

Kuna huduma ya afya ya serikali ya Marekani inayohudumia wenyeji asilia wa nchi ile, na wafamasia wake wana desturi ya kumuuliza mgonjwa mambo matatu kabla wao hawajafungua mdomo: daktari alikwambia dawa hii ni ya nini, alikwambia uitumie vipi, na alikwambia utarajie nini. Nilipoisikia desturi hiyo niliijaribu siku iyo hiyo. Hilo la kwanza ndilo linalonishangaza hadi leo. Wagonjwa wengi hawawezi kutaja dawa yao ni ya nini. Mtu asiyejua sababu ya dawa ataiacha siku ya kwanza itakapomletea kichefuchefu.

Sasa chakula. "Baada ya kula" tunaitamka kwa kila dawa, kwa mazoea tu, na watu wanaifuata kuliko tunavyodhani. Mvuvi hula mara mbili: chai na mkate wa mofa kabla ya kutoka, wali jioni akirudi. Ukimpa amoksilini ya mara tatu "baada ya kula" atameza mara mbili, kwa sababu mlo wa tatu haupo. Na mama mmoja aliwahi kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba siku ambayo nyumbani hakuna kitu hamezi dawa hata moja, maana aliambiwa lazima ale kwanza. Amoksilini haihitaji chakula. Sema hivyo. Mwambie, "Hii ukiwa umekula au hukula, meza na maji."

Zipo zinazohitaji chakula kweli, na kila moja ina sababu yake, nawe itaje hiyo sababu. AL (artemetha na lumefantrini) ya malaria huingia mwilini vizuri ikikuta mafuta: maziwa, mahamri, wali wa nazi, kipande cha samaki wa kukaanga. Metfomini na dawa za maumivu kama ibuprofeni huchokoza tumbo tupu. Glibenklamaidi na gliklazaidi za sukari ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa ukimeza usipokula sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Huyu wa mwisho ndiye wa kumwambia: siku isiyo na chakula, usimeze, na uje unione. Vidonge vya madini ya chuma vya wajawazito havipatani na chai, na sisi chai tunakunywa asubuhi hadi usiku. Mwambie ameze kwa maji, na kama ana embe au ndimu ndiyo bora, chai isubiri saa moja au mbili. Umwambie pia choo kitakuwa cheusi, asije akadhani ni damu. Doksisaiklini asiimeze na maziwa, ameze na maji mengi, na asilale papo hapo, maana ikikwama kwenye koo huunguza.

Ramadhani inastahili nafasi yake. Kosa la wageni ni kuikumbuka siku ya mwandamo. Wataalamu wa kisukari hushauri mgonjwa aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo, kwa hesabu yetu ni tangu mwezi wa Rajabu. Bandika karatasi dirishani Rajabu ikiingia, na kila anayekuja kuchukua dawa ya sukari, presha, kifafa au pumu umuulize, "Wakusudia kufunga? Umeshazungumza na daktari?" Ukingoja aje kuuliza mwenyewe, atakuwa ameshapanga peke yake: ataruka dawa za mchana, au atakusanya za siku nzima azimeze futari. Mimi na wewe hatubadilishi kipimo, daktari ndiye. Lakini sisi ndio tunaomwona kila mwezi, na sisi ndio tunaojua kwamba dawa yake ya mara tatu haina pa kukaa baina ya futari na daku.

Mwenye sukari anayefunga ajue jambo moja kwa moyo: kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 (mmol/L), anafungua hapo hapo, hata kama Magharibi imebaki dakika kumi. Wengi huona ni aibu, au dhambi. Usibishane nao kuhusu dini. Wakumbushe kwa upole kwamba ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani yenyewe, Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, kisha uwaelekeze kwa shekhe wao. Mimi nilikwenda kwa imamu wa mtaani kwangu miaka mingi iliyopita, nikamweleza sukari ikishuka mtu huwaje: jasho, mtetemeko, kuchanganyikiwa, kuzirai. Tangu siku hiyo yeye ndiye husema darasani kwake, na neno lake lina uzito ambao bahasha yangu haina. Ukija mtaani mgeni, nenda ukajulishwe kwa imamu, na kwa mchungaji pia, kabla hamjahitajiana. Maswali ya matone ya macho, pampu ya pumu na kudunga kidole mchana wa Ramadhani, waulizwe wao.

Kwa watoto ninakwenda polepole hata foleni inung'unike. Mtoto apimwe uzito siku iyo hiyo. AL hutolewa kwa kilo: kidonge kimoja kwa mtoto wa kilo 5 hadi 14, viwili kwa 15 hadi 24, vitatu kwa 25 hadi 34, na vinne kuanzia kilo 35, mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili ndiyo inayopotea, kwa sababu inatakiwa zikipita saa 8 tangu ya kwanza. Kwa hiyo ya kwanza natoa pale pale dirishani, natazama saa, halafu tunahesabu pamoja na mama. Akimeza saa nne asubuhi, ya pili inaangukia saa kumi na mbili jioni, Magharibi. Akimeza saa tisa mchana, ya pili ni saa tano ya usiku, na mtoto itabidi aamshwe. Kesho na keshokutwa ni asubuhi na jioni tu. Akipoa siku ya pili, mama asikiweke kilichobaki kabatini kwa ajili ya mdogo wake.

Dawa ya kuharisha ya pakiti: soma kama ni ya nusu lita au ya lita, maana zote zipo. Ninaweka chupa tupu ya maji ya nusu lita dirishani nikaionyesha. Mama wengi humimina pakiti nzima ndani ya bilauri moja wakidhani ikiwa kali ndiyo itafanya kazi, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Ichanganywe na maji safi, inywewe siku hiyo, inayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Zinki ni siku zote 10 alizoandikiwa, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Miligramu 20 kwa aliyezidi miezi sita, nusu yake kwa aliye chini.

Kuhusu kijiko: vijiko vya nyumbani havilingani. Mpe kikombe chenye alama au bomba la sindano lisilo na sindano, uweke alama kwa kalamu mahali dawa inapofika. Dawa ya unga ya chupa ongeza maji mwenyewe kabla haijaondoka. Nimeletewa chupa iliyolambishwa unga mkavu kwa kijiko, na mama yule hakuwa mjinga. Hakuna aliyemwambia.

Kuna mambo hayasemwi kwenye dirisha. Dawa ya kuweka ukeni ina umbo la kidonge, na mwanamume akimkabidhi mwanamke bahasha yake huku watu kumi wakisikiliza, kitu kimoja tu kitatokea: ataipokea kwa haraka, atafunika uso, atakwenda nyumbani kuimeza. Imetokea zaidi ya mara moja. Wewe kijana, ukipata karatasi kama hiyo, mwite mwenzako wa kike, ampeleke mgonjwa pembeni. Na kama hakuna chumba, kuna kona, kuna kibaraza. Dada akimwambia sikioni, "Hii haimezwi, inawekwa huku chini, usiku ukishalala," inatosha. Vivyo hivyo dawa za kuingiza nyuma. Mgonjwa anayezungumza Kiorma, Kisomali au Kiaweer, tafuta mtu mzima wa kufasiri. Usimtumie mwanawe wa miaka tisa kumweleza mama ugonjwa wa mama.

Mwenye kifua kikuu mwambie mapema kwamba rifampisini hugeuza mkojo rangi ya machungwa, hata machozi na jasho. Mzee mmoja aliiacha dawa wiki ya kwanza kwa sababu aliona amekojoa damu, na kwa wiki nzima aliacha kwenda msikitini akihofia tohara yake. Wiki nzima ya huzuni, na sentensi moja ingemwepushia.

Watu wetu wanazijua dawa kwa rangi. "Ile nyeupe ya presha." "Ile ya njano." Shehena ikibadilika, mtengenezaji hubadilika, na nyeupe inakuwa ya waridi. Mgonjwa atafanya moja kati ya mawili: ataikataa mpya, au atameza ya zamani iliyobaki pamoja na mpya, akijua ni dawa mbili. Nilimwona mtu amevimba miguu hadi viatu haviingii, anameza amlodipini ya hospitali na amlodipini aliyonunua duka la dawa, majina mawili tofauti ya biashara juu ya maboksi. Kwa hiyo kila anayekuja mwambie alete kila alicho nacho nyumbani ndani ya mfuko mmoja, hata ya jirani, hata ya mwaka juzi. Imwage juu ya meza mtazame pamoja. Mfuko huo utakufundisha mengi kuliko faili.

Presha haiumi, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Mtu anameza mwezi, anapimwa, anaambiwa iko sawa, anashukuru Mungu na kuacha. Sipendi kumtisha. Namwambia iko sawa kwa sababu dawa imeishika, kama kamba inavyoshika mashua gatini. Ukiifungua, mashua haiondoki dakika hiyo, lakini maji yataichukua. Namtajia pia kitakachomsumbua: amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, enalaprili inaweza kuleta kikohozi kikavu, ile ya kukojoza ameze asubuhi asije akaamka usiku kucha. Aliyeambiwa mapema hurudi kusema. Asiyeambiwa huacha kimya kimya. Likitokea jambo baya lisilotarajiwa, jaza fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu, usiliache liishie kwenye mazungumzo.

Usimdharau mtu kwa mitishamba. Ukikunja uso mara moja tu, hatakuambia tena maisha yake yote. Uliza kama unavyouliza chakula: "Na nyumbani mwatumia nini? Uwatu? Habasoda? Mwarobaini? Shubiri?" Uwatu unaweza kushusha sukari, na ukikutana na dawa ya sukari vinashusha kwa pamoja, kwa hiyo ni vyema daktari ajue. Wapo waliokunywa kombe (maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji) wakadhani haifai kuchanganya na dawa ya hospitali. Waambie hakuna ugomvi. Miraa na muguka nazo uliza, kwa wanaume wa rika zote, kwa sababu hupandisha presha na mtu atakuwa akimeza huku akiipandisha.

Joto la hapa halina huruma kwa dawa. Insulini kwa asiye na friji ikae ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Wavuvi nawaambia kabisa: isiguse barafu ya samaki. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Jambo moja nililojifunza kwa kuchelewa: bibi asiyesoma bahasha yako huenda ni msomi. Wazee wengi wa Lamu walisoma chuoni, wanasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na sisi tunawaita wasiojua kusoma kwa sababu hawajui A na B. Nilimwomba mwalimu wa madrasa anifundishe kuandika asubuhi, mchana, usiku, na tarakimu moja hadi kumi. Jioni mbili zilitosha. Angalia tu tano yao, inafanana na sufuri yetu. Kwa asiyesoma kwa herufi zozote, chora jua linachomoza, jua la utosini, na mwezi, na chini ya kila picha chora vidonge kwa idadi yake.

Mwisho ni bahari. Wagonjwa wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini wanakuja kwa boti, na boti inafuata maji. Mkondo wa Mkanda maji yakipwa haupitiki vizuri, na kila siku maji huchelewa kwa karibu saa moja kuliko jana. Mgonjwa ambaye boti yake inang'oa nanga saa sita hakusikii unachosema saa tano na nusu. Macho yapo kwako, roho ipo gatini. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, anaweza asirudi tarehe uliyompa. Kwa hiyo mwombe daktari amwandikie dawa za muda mrefu zaidi pale inaporuhusiwa, na uchukue namba ya simu ya nyumbani kwake, ama ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Mvuvi muulize kama ana safari ya dago, maana atakaa kambini wiki mbili au zaidi, na dawa lazima ziende naye ndani ya chombo kisichoingia maji, zimehesabiwa na siku mbili tatu za ziada.

Kila asubuhi kabla sijafungua dirisha napita gatini, nauliza nahodha maji yanapwa saa ngapi leo na boti ya Kizingitini inatoka lini. Nikifungua, nawaita wa visiwani kwanza, wote, na wa mjini wanajua kungoja. Hao tunakaa nao chini, bahasha kwa bahasha, mpaka kila mmoja anieleze yeye mimi.